Bei ya menyu na bei ya fakitire

Bandugu, sina shida na TVA. Ni sheria: tangu tarehe 1 Januari 2012 tunalipa 16% inchini kwetu. Shida yangu ni namna restora nyingi za hapa Lubumbashi zinaificha chini ya menyu kwa herufi mbili kidogo sana, HT, ni kusema kodi haijaingia. Unasoma kuku dola 10, unahesabu makuta yako, unaagiza. Fakitire inakuja na «servisi 10%», njo inakuwa 11. Halafu TVA inapigwa juu ya ile 11: dola 12 na senti 76. Kuku ni ule ule.

Wanafunzi 8 wanaotoka kutetea TFC, kila mutu amechanga dola 10, watakosa dola 22 mbele ya watu. Na wakilipa kwa franka, restora inawapigia kiwango chake cha dola, si kile cha kambisti wa pale inje. Wamekwisha kula, watabishana na nani?

Ile 10% ndiyo inaniuma zaidi. Niliuliza muhudumu mumoja kama inawafikia. Alicheka tu. Mukubwa anaona ameshalipa servisi, haachi kitu tena juu ya meza, na aliyebeba sahani anarudi nyumbani mikono mitupu.

Upande wa TVA, restora inakusanya tu makuta ya Serikali, na fakitire inapaswa kubeba namba ya kodi ya muuzaji. Nimekwisha kupewa karatasi iliyoandikwa na biki, TVA 16% juu, namba hakuna. Hiyo 16% ilienda wapi?

Watasema umeme wa SNEL unakatika, jenereta inakula mazuti. Ni kweli kabisa. Basi watie mazuti ndani ya bei ya kuku! Mama wa malewa naye ananunua makala, na wakati wa mvua makala inapanda vibaya. Hajawahi kuniongezea «makala 10%» kisha nimenawa mikono. Anasema bukari na thomson ni franka kiasi hiki. Unakaa ama unaenda.

Mimi sasa nauliza mbele ya kuagiza: «Hii bei kodi na servisi viko ndani?» Juma lililopita muhudumu alienda kuuliza patroni. Tulingojea dakika 10, menyu mukononi.