Tamthiliya Hii Ni ya Nani?

Kwenye jalada la Kilio Chetu, tamthiliya ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, panapokaa jina la mwandishi pameandikwa Medical Aid Foundation. Hata hivyo darasani tuliulizwa "mwandishi anatuambia nini", kana kwamba kuna mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Tukajibu kwa hoja tatu tatu, dhamira na fani, mtihani ukapita. Igizo lenyewe hatukuligusa.

Sanaa za maonyesho za kuelimisha zina historia nyingine hapa kwetu. Mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walichunguza matatizo pamoja na wenyeji, na suala la wasichana wa shule kupata mimba likajitokeza. Vijana wa palepale wakalitengenezea igizo kwa ngoma na nyimbo walizozijua, kisha watu wakajadiliana.

Mwaka 1996 mradi wa Tuseme, ulioanzia chuoni hapohapo, ukaipeleka njia hiyo katika shule za sekondari. Wanafunzi huchunguza yanayowakwamisha wasichana, huyachambua, huyaigiza, halafu huyajadili na hadhira.

Kwangu mimi, nguvu ya kazi hizi ni kinga. Msichana mmoja akisema kuna mwalimu anamsumbua, ataulizwa amevaaje. Maneno hayohayo yakiimbwa na wasichana 20, hakuna wa kuitwa ofisini peke yake. Magomeni tunalijua hilo bila kufundishwa: kwenye taarabu, mwanamke huinuka na noti yake kwenda kutunza, akapita taratibu mbele ya mbaya wake. Wimbo si wake, lakini ujumbe umefika, na hakuna wa kumshika kwa neno.

Lakini siku hizi neno "shirikishi" limekuwa rahisi mno. Mfadhili huja na mada, fulana na bango. Wanafunzi huachiwa kutafuta mdundo. Huo ni ushirikiano wa jasho tu, si wa mawazo. Kipimo changu ni maswali mawili: nani alichagua tatizo, na ngoma ikinyamaza, nani anabaki kujibu hadhira? Malya walilijadili suala la mimba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali iliruhusu rasmi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida mwishoni mwa 2021. Sidai kwamba igizo ndilo lililofungua mlango huo. Nasema wanakijiji waliliona tatizo mapema kwa sababu waliachiwa kulitaja wenyewe.

Basi tuanze na kitabu tulichonacho. Katika Kilio Chetu, Mama Suzi hataki mtoto aambiwe habari za mapenzi, na mtoto anaangamia. Mwalimu akifunge kitabu kabla ya maangamizi hayo, awape wanafunzi onyesho hilo walitunge upya: Suzi aulize, mama ajibu, darasa liingilie. Huenda hapo tukasikia ambayo hakuna mtihani umewahi kuyauliza.