Makmende Alirudi Kutoka Wapi?

Mwaka wa 2010 nilikuwa darasa la tano, na saiba ya mtaani kwetu ilikuwa bob moja kwa dakika. Siku moja bro yangu mkubwa alinipeleka, akalipia dakika ishirini, akafungua YouTube, tukakaa kungoja. Video ya dakika chache ilikula karibu muda wote aliokuwa amelipia. Ilipokubali kucheza, bro alicheka hadi mwenye saiba akaja kuona kuna nini. Mimi sikucheka. Niliona tu mwanaume aliyevaa kizamani, anatembea polepole kama mwenye mji, anapiga watu. Nikauliza, "Hii ni sinema gani?" Bro akasema, "Si sinema. Ni ngoma."

Ngoma yenyewe ni "Ha-He" ya Just A Band. Ilitoka Machi 2010, kutoka kwa albamu yao ya pili, 82. Bendi ilikuwa ya vijana waliojuana Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Wakati matatu zilikuwa zinapiga genge, wao walikuwa wanachanganya hausi, fanki na sauti za kompyuta, na video wanajitengenezea wenyewe.

Anayeigiza ni Kevin Maina, na mhusika wake ni Makmende. Kama ulikulia Nairobi miaka ya tisini, hilo jina huhitaji kuelezwa. Mtoto akiruka ukuta, au akitaka kupigana na mtu anayemzidi, aliulizwa, "Kwani unajifanya makmende?" Neno linasemekana kutoka kwa Clint Eastwood, kwenye filamu ya Sudden Impact ya 1983, pale anapomwambia jambazi "make my day". Watoto wa mtaa walisikia "makmende", na hivyo ndivyo likabaki. Bro alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa ameitwa hivyo mara nyingi, na hakuna siku aliitwa hivyo kwa kusifiwa. Lilikuwa neno la kumrudisha mtu chini.

Akili ya video iko hapo. Inachukua tusi la mtaani na kuuliza: na kama huyo anayejifanya anaweza kweli?

Halafu kuna hilo neno lingine lililosambaa nayo: "Makmende Amerudi." Amerudi kutoka wapi? Video imepangwa kama tangazo la sinema ya miaka ya sabini, rangi zake, majina ya wahusika, mwendo wake, kana kwamba sote tuliiona ile ya kwanza. Hakukuwa na ya kwanza. Mashujaa wa ngumi ambao wazazi wetu walilipa kuwaona kwa skrini walikuwa wa Marekani na Hong Kong. Kwa hivyo tunachoonyeshwa ni sehemu ya pili ya sinema ambayo hatukuwahi kupewa. Kila nikiirudia nacheka, kisha inaniuma kidogo.

Shida ni kwamba video ilimeza ngoma. Uliza mtu yeyote wa rika langu Makmende ni nani, atakuambia. Mwambie akuimbie "Ha-He", utaona anaanza kukuna kichwa. Ni dhuluma, kwa sababu muziki ndio unaobeba ule mwendo. Geuza simu skrini iangalie meza, usikilize tu. Besi ni nzito, ya fanki, inazunguka pale pale, na ngoma zinaipigia bila haraka yoyote. Mpe Makmende biti ya kukimbizana uone: ataonekana mtu anayetoroka deni. Kiburi chake hakitoki kwa shati, kinatoka kwa hiyo besi. Na besi inafanya kazi ile ile ya picha, kwa sababu sauti ya zamani imetengenezwa kwa mashine za leo, na wewe unahisi unaikumbuka.

Wakati nao ulikuwa wake. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika Mombasa 2009, chini ya mwaka mmoja kabla. Watu walikuwa wamepata mtandao wa kasi kidogo na hawajajua wautumie kwa nini. Wakautumia kwa Makmende: vichekesho vya mtindo wa Chuck Norris, majalada bandia ya magazeti makubwa, kila mtu na lake. CNN na Wall Street Journal wakaandika. Wikipedia ya Kiingereza nayo ikaufuta ukurasa wake zaidi ya mara moja kabla ya kuukubali. Hata huko aliulizwa lile swali la zamani: kwani wewe unajifanya nani?

Nina lalamiko moja. Makmende anamaliza kila kitu kwa ngumi, peke yake, na video inampenda kwa hilo bila kuuliza chochote. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya vita vya uchaguzi, na miezi michache kabla ya katiba mpya ya Agosti 2010. Nakumbuka watu wazima pale mtaani wakisema nchi inahitaji Makmende, na si wote walikuwa wanatania. Kicheko kinaisamehe video mambo mengi. Mimi hili bado sijaisamehe.

Waliobaki na hamu ya sinema waliendelea. Jim Chuchu aliongoza Stories of Our Lives, 2014, ambayo ilipigwa marufuku hapa Kenya. Mbithi Masya aliongoza Kati Kati, 2016, ikapata tuzo ya wakosoaji kule Toronto. Ukiangalia hivyo, "Ha-He" ilikuwa ahadi, na angalau wawili walienda kuilipa.

Sasa sababu ya mimi kuirudia. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, si yote. Nilipomwambia mjomba kwamba nitaishi kwa kuandika, alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo wewe sasa ndiye makmende." Alilitumia vile lilivyotumika zamani, na lilinipata. Kwa wiki kadhaa sikuandika kitu.

Krismasi iliyopita nikamwonyesha video kwa simu yangu. Mjomba hajui YouTube ya 2010, hajui Just A Band. Aliangalia akiwa amekunja uso, lakini mguu ulikuwa unagonga sakafu na besi. Ilipoisha akanirudishia simu.

"Hii sinema naijua," akasema. "Niliiona Odeon, kitambo, kabla uzaliwe."

"Mjomba, hii ni ya 2010. Ni wimbo tu. Hakuna sinema."

"Wewe ndiye utaniambia?" Akaanza kunisimulia ilivyoisha: jambazi mkubwa alivyotorokea juu ya paa, na vile ukumbi mzima ulisimama. Sikumkatiza tena. Nilichukua daftari nikaanza kuandika.