Vitabu vya Bwana Churchill, na Kile Kimoja Kinachotuhusu

Watu wengi wajuao kusoma wamekwisha kulisikia jina la Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, tangu 1940 hata 1945, na tena tangu 1951 hata 1955. Wamjua kwa habari za vita. Wachache wajua ya kuwa kwa miaka mingi riziki ya nyumba yake ilitoka zaidi katika kalamu kuliko katika mshahara wa serikali. Na wachache zaidi wajua ya kuwa kitabu chake kimoja chahusu nchi hizi zetu. Kilipigwa chapa mwaka 1908, nacho chaitwa My African Journey.

Kitabu hicho kimeleta maneno kati yetu walimu. Wako wenzetu wasemao kisiwekwe katika kabati la shule, kwa kuwa kimewadharau babu zetu. Wako na wengine wasemao kwamba mwandishi ni mtu mkuu, na mtu mkuu hakosolewi na mwalimu wa kijijini. Sisi tumekisoma chote, pamoja na vingine vyake kadha wa kadha, wala hatukubaliani na hawa wala na wale.

Tuanze na ufundi wake, maana ufundi anao. Bwana Churchill hakuandika sana kwa mkono. Alitembea chumbani usiku, akisema maneno, na karani akayaandika. Kisha akayasahihisha tena na tena. Kwa hiyo vitabu vyake vyataka kusomwa kwa sauti, nasi tuliozoea kusikia habari kwa masikio kabla ya kuzisoma twauona upesi uzuri wa jambo hilo. Kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni My Early Life cha mwaka 1930, ambamo asimulia utoto wake na ujana wake. Humo ajicheka mwenyewe. Aeleza alivyoshindwa shuleni, alivyochukia Kilatini, na jinsi baba yake, Bwana Randolph, alivyokuwa mbali naye. Mtoto aliyekaa nyuma darasani akikisoma kitabu hiki atapata moyo.

Lakini baba yule yule alimwandikia kitabu kingine, juzuu mbili, mwaka 1906, na humo hatusikii kilio cha mtoto. Twasikia mtoto akimtetea baba. Tena kati ya mwaka 1933 na 1938 akaandika juzuu nne za habari za mzee wake wa zamani, John Churchill, Mtawala wa Marlborough, aliyekuwa jemadari mkuu, ili kumtetea na lawama za Macaulay, mwandishi wa historia. Twamsifu mjukuu amtunzaye babu. Hata hivyo walioandika vitabu vya Samweli hawakuificha habari ya Uria, wala Daudi hakupungukiwa heshima katika makanisa yetu kwa sababu hiyo.

Kazi yake kubwa, The Second World War, ina juzuu sita, zilizotoka tangu 1948 hata 1953. Mwaka ule wa 1953 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na mkewe Clementine akaenda kuipokea, kwa kuwa yeye alikuwa safarini kwa kazi ya serikali. Mwanzoni mwa 1948 alikuwa amesema Bungeni, nusu kwa mzaha, ya kuwa mambo yaliyopita yaachiwe historia, hasa kwa vile yeye mwenyewe alikusudia kuiandika. Neno hilo lisisahauliwe na asomaye juzuu hizi. Ndani yake mna barua na amri zake nyingi mno, ila majibu ya wale alioandikiwa ni haba. Ni kama kusimama nje ya baraza na kusikia mtu mmoja tu akinena. David Reynolds, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha vizuri jinsi kazi ile ilivyotengenezwa na Bwana Churchill pamoja na wasaidizi wengi, na mambo gani yaliachwa kwa kusudi. Siri ya kuzisoma simu za Wajerumani, kwa mfano, haikuweza kutajwa wakati ule.

Liko jambo lililo zito zaidi. Mwaka 1943 njaa iliua watu wa Bengal, katika Uhindi, wapatao milioni tatu kwa hesabu ya wengi. Katika masimulizi yake njaa hiyo haina nafasi yo yote ya maana. Madhusree Mukerjee aliandika kitabu mwaka 2010 akimlaumu yeye na baraza lake kwa kukataa kutoa merikebu za kutosha za kupeleka nafaka. Wengine wamejibu kwamba tufani ilikuwa imeharibu mpunga, kwamba Wajapani walikuwa wameitwaa Burma pamoja na mchele wake, na kwamba merikebu zilikuwa chache kwa ajili ya vita. Sisi twaona majibu haya yana kweli ndani yake, ila hayaondoi swali: mtu aliyeandika juzuu sita, akakumbuka hata barua ndogo za ofisini, aliwezaje kuwapita wafu wengi hivyo? Hata wale walio na ndugu waliopigana Burma katika King's African Rifles watakuta machache sana juu yao.

Vitabu vya watu wengine juu yake ni msitu. Mwanawe Randolph alianza ile habari kubwa ya maisha yake, akatoa juzuu mbili, akafa mwaka 1968; Martin Gilbert akaishika kazi hata akaimaliza kwa juzuu ya nane mwaka 1988. Hicho ni ghala, si chakula kilichopikwa. Kile cha Andrew Roberts cha mwaka 2018 chasomeka vema, ijapokuwa mwandishi ampenda mno mtu wake. Daktari wake, Bwana Moran, alitoa kitabu mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya mgonjwa wake kufa, akafunua maradhi yake, hata kile kiharusi cha 1953 ambacho watu walifichwa. Jamaa zake walikasirika, nasi twasema walikuwa na haki. Aliyeitwa kitandani kwa mgonjwa hapaswi kutoka na habari zake mkononi.

Sasa turudi kwetu. Bwana Churchill alishuka Mombasa mwaka 1907, akiwa Waziri mdogo wa Makoloni, umri wake miaka thelathini na mitatu kasoro. Akapanda reli, akakaa katika benchi iliyofungwa mbele kabisa ya gari la moshi ili awaone wanyama; akaua kifaru karibu na stesheni ya Simba; akafika Nairobi, akavuka Ziwa, akaingia Buganda, akafuata Nile hata Khartoum. Kuhusu Wakikuyu asema kama mtu asemaye juu ya watoto, wepesi wa kucheka na wa kufundishwa. Maneno hayo yaliuma tulipoyasoma, wala hatutayafunika. Mwaka 1952, yeye akiwa Waziri Mkuu, serikali ilitangaza hali ya hatari Kenya juu ya watu wale wale, na watoto hawakuonekana kuwa watoto tena.

Walakini kitabu hicho hicho chasema ya kuwa haifai kuwatia wenyeji katika mikono ya walowezi wachache, watafutao faida yao wenyewe, na kwamba mfanyabiashara wa Kihindi ana haki yake. Nao wanahistoria wametuonyesha ya kuwa mwanzoni mwa 1908, alipopata habari za Wakisii kuuawa kwa wingi, alilalamika vikali katika barua za ofisini. Mwenye kukificha kitabu huyaficha na haya.

Pale Jinja alitazama maporomoko ya Ripon, akaona nguvu ipoteayo bure, akataka mitambo. Mwaka 1954, katika uwaziri wake wa pili, Malkia Elizabeth alifungua lile boma la maji la Owen, na maporomoko yale yakamezwa.

Kwetu sisi sura za Buganda ndizo za kusomwa kwanza. Aliiona nchi ile kama ya hadithi, na maradhi ya malale yaliyoua watu zaidi ya laki mbili pwani ya Ziwa ayaeleza kwa huzuni isiyo ya kujifanya. Asifu shule za misheni, akisema wenyeji zaidi ya laki mbili wajua kusoma na kuandika. Hesabu hiyo ilimstaajabisha. Lakini tumekisoma kitabu mara mbili, na hatukuona mahali panapoonyesha ya kuwa aliwaza kwamba mmoja wao atakisoma.