Petroli Iende, Petroli Irudi

Gari likibadilishiwa injini, sifa zote huenda kwenye mlio. Likiwaka tu watu hukusanyika, mwenye gari hukanyaga mafuta mara mbili tatu, fundi analipwa, shughuli imekwisha. Mimi naona sifa hizo hupelekwa pasipo pake. Kushusha injini na kupandisha nyingine ni kazi ya nguvu na winchi. Kazi ya akili iko chini ya gari, kwenye paipu mbili nyembamba ambazo mwenye gari huenda asiziangalie maisha yake yote.

Hapa Mkata kazi hiyo inafanywa vizuri kuliko wapita njia wanavyodhani. Mji uko kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, pale inapochepuka lami ya Handeni mjini, kilometa 54. Ukivuka Handeni, kilometa 65 nyingine zinakufikisha Korogwe. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapita kwa kasi. Magari yanayolala gereji ni ya wenyeji, pikapu za kubeba mahindi na machungwa kutoka vijijini, zilizozeeka lakini bado zinategemewa. Chesisi nzima, bodi inavumilika, injini ndiyo imechoka. Kununua gari jingine si jambo la kesho.

Kazi niliyoishuhudia ilikuwa ya Toyota LiteAce pikapu iliyokuwa na 5K, injini ya kabureta ya sisi 1,486, ambayo ilikuwa inakula oili. Mwenye gari alikuwa amepata 7K ya Noah, sisi 1,781, ya EFI, yaani inayopuliziwa petroli kwa nozo badala ya kabureta. Injini hizo ni za ukoo mmoja, kwa hiyo kuipachika hakukuwa na vita kubwa. Vita ilikuwa petroli. Kabureta hulishwa kwa upole: pampu ndogo inayoendeshwa na kemshafti huleta mafuta kwa presha isiyofika hata nusu bar, kibakuli kinajaa, basi. Nozo za EFI zinataka karibu bar 3. Mipira, klipu na filta za zamani ziliwekwa kwa ajili ya ule upole. Ukiziacha, gari litawaka vizuri tu, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu penye kabureta mpira uliochoka hudondosha matone, lakini penye bar 3 tundu dogo kama la sindano hurusha ukungu wa petroli juu ya ekzosi ya moto.

Fundi alianzia kwenye tangi. Tangi hilo halikuwa na kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbilie upande mmoja gari likikata kona. Kabureta haijali sana, ina akiba kwenye kibakuli chake. EFI haina akiba: pampu ikivuta hewa kidogo tu, injini inakohoa papo hapo. Mwenye gari akashauri tangi likatwe juu, pampu ya Noah iwekwe ndani, kisha lichomelewe.

"Hapana, mzee," fundi akamjibu. "Tangi lililokwisha kukaa petroli mimi silipigi moto."

Akafunga kitangi cha pembeni, cha ujazo wa lita moja hivi, chenye midomo minne. Pampu ndogo ya umeme inakijaza kutoka tangi kubwa. Pampu ya presha inavuta kutoka chini yake, mahali ambapo mafuta hayakosekani. Yanayorudi kutoka kwenye injini yanaingia humo, na yanayozidi yanatokea juu kurudi tangini. Pampu ya presha aliiweka chini, jirani na kitangi, kwa kuwa pampu za aina hii ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Kabla yake akaweka chujio, baada yake filta ya EFI. Gari linaloishi vijijini, kuna siku litajazwa petroli ya chupa, na petroli ya chupa huja na mchanga wake.

Kisha paipu. Hapa ndipo niliposahau shughuli zangu. Alichukua kwanza fimbo ya kuchomelea, akaikunja taratibu akifuata chesisi upande usio na ekzosi, akaitoa, akaiangalia, akaikunja tena. Ilipokaa sawa ndipo akagusa paipu ya chuma ya milimita 8. Kila kona aliizungusha kwenye mfereji wa puli kuukuu ya alteneta, ili paipu isibonyee. Ya kurudisha ilikuwa ya milimita 6. Ncha za paipu zote mbili aliziinua ukingo mdogo, unaoonekana kwa shida, unaozuia mpira usichomoke. Mpira wenyewe aliusoma maandishi kabla ya kuukata, akitafuta R9, alama ya mpira uliotengenezwa kwa ajili ya EFI. Kipande cha mwisho, kinachoingia kwenye injini, alikiachia ulegevu, maana injini hutikisika na chesisi haitikisiki nayo.

Regyuleta ndiyo roho ya yote. Inakaa mwisho wa reli ya nozo. Ndani yake kuna springi na kiwambo: presha ikizidi, kiwambo kinainuka na petroli ya ziada inarudi nyuma. Juu yake kuna kimpira kinachokwenda kwenye manifodi ya hewa, na hicho wengi hukidharau. Nozo hupuliza ndani ya manifodi, na mvuto wa humo hubadilika kila unapokanyaga. Kontroo boksi hupanga muda tu wa nozo kufunguka. Haipimi presha ya petroli. Ni kile kimpira kinachoiambia regyuleta ipunguze presha mvuto ukiwa mkubwa na iiongeze mvuto ukipungua, ili tofauti kati ya reli na manifodi ibaki ileile. Wapo wanaofinya mpira wa kurudisha ili presha ipande. Hao wanaua nozo na kunywesha gari mafuta bure.

Fundi huyu alifunga gezi ya presha. Injini ikiunguruma taratibu, ilisoma bar 2.3 hivi. Akachomoa kile kimpira, mshale ukapanda hadi karibu 2.9. Akakirudisha, ukashuka. Akazima injini, akaagiza chai, akaacha gezi mahali pake. Chai ilipoisha mshale ulikuwa haujashuka sana. Ndipo akapitisha karatasi kavu nyeupe kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, akiinusa.

Jambo la mwisho lilikuwa la umeme. Angeweza kuiunga pampu moja kwa moja kwenye swichi. Alihangaika na rilei ya Noah hadi pampu ikafuata injini: injini ikizima, hata kwa ajali, pampu nayo inakatika.

Ndugu msomaji, ukibadilisha injini, usilipe kwa kusikiliza mlio. Omba kuiona gezi ikiwa imefungwa, ingia chini ya gari utazame paipu zinapita wapi, na kama fundi amezipitisha hivi, mwongezee hela. Kisha upeleke namba ya injini mpya TRA, maana kadi ya gari bado imeandikwa ile ya zamani.