Hongera, wakala wa Ngamiani

Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango Juni 1966 chini ya Gavana Edwin Mtei, kwa wengi wa pwani hii ya Tanga fedha ilikaa chini ya godoro, kwa mwenye duka, au kwa kijumbe wa upatu. Kanuni zilitoka Dar es Salaam. Imani ilikaa mtaani. Aliyeziunganisha ni wakala wa pesa za simu, aliyeingia mwaka 2008.

Mtazameni yule dada wa Ngamiani chini ya mwavuli wake. Anazipanga noti vichwa vielekee upande mmoja, anauliza, “Namba inaishia ngapi, mama?”, anaandika kwenye daftari. Floti, salio lake la kufanyia miamala, ikikauka, anamkimbilia mwenzake barabara ya pili. Nyuma yake, sheria inataka kila shilingi ya simuni iwe na mwenzake benki, kwenye akaunti ya udhamini. Mchuuzi wa dagaa wa Pangani hajui hayo wala hana haja. Anamjua dada.

Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, iliyopitishwa bungeni Dodoma, matusi aliyapokea yeye (wabunge walikuwa mbali). Viwango vikapunguzwa asilimia 30 mwaka huohuo. Yeye alikuwa bado anahesabu noti.