Wenzi wa safari katika mchezo wa Baldur's Gate 3

Leo hatuhukumu kitabu wala sinema, bali mchezo wa video. Vijana wa hapa Bendera wanaucheza, umeme wa mto Kiyimbi ukiwapo, nao wanatuuliza kama ni mwema. Jina lake ni Baldur's Gate 3. Kampuni Larian ya mji wa Ghent, kule Ubelgiji, ndiyo iliyoutengeneza, nao ulitoka tarehe 3 Agosti 2023.

Mchezaji anasafiri katika inchi ya hadisi pamoja na wenzi. Kila mwenzi ana kisa chake kando ya safari kubwa: huyu ana deni, huyu ana adui, yule ana siri. Mtu aweza kuviacha visa hivi vyote, na mchezo utafika mwisho vilevile. Lakini sisi twasema kwamba uzuri wake umo humo pembeni, na humo pembeni ndimo tupaswamo kuuhukumu.

Onyo kwanza. Katika Ulaya mchezo huu umetiwa alama ya miaka 18, na ni haki: mambo ya mwili yamo, tena wazi. Mabwana walezi wasiuingize katika seminari ndogo. Basi, tuendelee.

Mwaka 2010 kampuni BioWare ya Kanada ilitoa mchezo Mass Effect 2. Humo ukimtimizia mwenzi haja yake anakuwa mwaminifu kwako, na katika vita ya mwisho hatari ya kufa inapungua. Visa vingine ni vizuri sana, lakini mpango wenyewe ni wa sokoni: nikupe, unipe. Mchezaji mwerevu anawatumikia wenzi wake kama mtu anayelipa kodi. Baldur's Gate 3 nao si safi kabisa. Ukinena neno, maandishi yanatokea kusema fulani amependezwa, fulani amechukizwa, na hesabu inawekwa. Tumeona vijana wakichagua jibu, si kwa kuwa ni la kweli, bali kwa kuwa litampendeza mwenzi. Huko ni kujipendekeza, na mchezo unakulipa kwa ajili yake.

Hata hivyo tumsikilize Shadowheart. Yeye ni kuhani wa Shar, mungu wa kike wa giza, na ukumbusho wake wa zamani umeondolewa. Siku inafika anaamriwa kumwua mfungwa Aylin kwa mkuki, ili apande cheo. Mchezaji aweza kumsihi, aweza kumhimiza. Lakini kama urafiki wao umekomaa, aweza pia kunyamaza na kumwacha aamue mwenyewe, na hapo Shadowheart anautupa mkuki kwa mapenzi yake. Ndugu waseminari watakumbuka ginsi Mt. Ignasi wa Loyola anavyomwagiza mwongozi wa mafungo asimame katikati kama ulimi wa mizani, asimvute mtu huku wala huku. Hatuzani watu wa Ghent walimfikiri Mt. Ignasi. Lakini kunyamaza kule kulijengwa kwa siku nyingi za mazungumzo, nako kuna nguvu kuliko hotuba yoyote ya mchezo huu.

Astarion ni mnyonya-damu, aliyekuwa mtumwa wa bwana Cazador kwa miaka kama 200. Akimshinda bwana wake, aweza kukaa mahali pake na kupata uwezo wote kwa kutoa sadaka roho 7.000. Kumgeuza kunatakiwa kutupa dadu ya nyuso 20. Wengine wanachukizwa: mbona bahati iamue wongofu wa mtu? Sisi hatuchukizwi. Kila katekista amekwisha kusema maneno ya kweli yasiyoshika. Kosa liko kwingine: wale 7.000, wanaofunguliwa au kuuawa kwa neno moja, mchezo unawapita upesi mno.

Kisa cha Wyll, aliyejifunga kwa mapatano na shetani, ni chembamba. Avunje mapatano, au baba yake aokolewe? Swali ni la mwana, lakini mchezaji ndiye anayejibu. Tena, mapatano yakivunjwa, mchezaji hodari aweza kumwokoa baba pia. Basi majaribu yalikuwa wapi?

Katika hadisi ya Mwindo ya Wanyanga wa Kivu, iliyosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, mna kisa kifupi kuliko hivi vyote. Mwindo, akimfuata baba yake chini ya inchi, anamkuta Kahindo, binti mwenye buba. Anamsafisha vidonda, naye anamwonya juu ya mitego ya Muisa, baba yake. Hakuna maandishi yanayosema Kahindo amependezwa.

Anayemkaribia Kahindo ni Karlach, askari ambaye moyo wake uliondolewa, akatiwa mashini ya moto mahali pake. Unamtafutia chuma, mhunzi anaitengeneza, naye anaweza tena kumgusa mtu bila kumwunguza. Lakini haponi. Mwishoni njia ya kubaki nyumbani, mzima na mwenye umbo lake, haipo: afe, ageuke kiumbe kingine, au arudi katika inchi ya moto alikotoroka. Wachezaji wengi walilalamika. Mwisho wa Agosti 2023 Larian wakamwongezea mwisho mrefu zaidi, wa kurudi kule motoni pamoja na rafiki. Kumponya hawakumponya, na kwa hiyo tunawasifu.