Kusoma Sakafu ya Pango

Garissa ni nchi tambarare. Mji wenyewe uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, Mto Tana ukipita pembeni, na ukishika njia ya Dadaab utasafiri muda mrefu huku upeo wa macho ukiwa mstari mmoja ulionyooka. Ndiyo maana watu hushangaa nikisema kwamba uchunguzi wa mapango ni ufundi unaowafaa wafugaji wa Kaskazini Mashariki kuliko karibu watu wote ninaowajua. Hushangaa kwa sababu wanadhani pango husomwa ukutani. Pango husomwa sakafuni.

Mchungaji aliyepotelewa na ngamia usiku hatoki mbio asubuhi. Huinama kwanza. Unyayo wa ngamia wake anaujua kwa ukubwa, kwa namna mguu mmoja unavyokokotwa, kwa ufa ulio kwenye wayo, naye huutenga na nyayo za ngamia wa jirani waliopita njia hiyo hiyo. Kisha hutafuta saa. Ikiwa mdudu ametambaa juu ya unyayo na kuacha mstari wake, mnyama ametangulia. Ikiwa unyayo umeukata mstari wa mdudu, mnyama amekuja nyuma yake. Umande, upepo, ukingo wa mchanga ulioanza kubomoka, vyote ni ushahidi. Kilicho juu ni cha baadaye, kilicho chini kilitangulia. Hiyo ni kanuni ya mwanzo kabisa ambayo mwanafunzi wa akiolojia hufundishwa chuo kikuu, na mtoto wa malishoni huwa ameijua kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka.

Basi ukifika kwenye mdomo wa pango, au chini ya mwamba ulioinama ukafanya kivuli, usiingie. Chuchumaa. Acha macho yazoee giza, kisha anza kuitazama ardhi pale maji ya mvua yanapodondokea kutoka ukingo wa mwamba. Nje ya mstari huo mvua husomba kila kitu. Ndani yake udongo hukaa mkavu na kuhifadhi ulichopewa. Kinyesi cheupe kimeachwa na fisi, mla mifupa. Michirizi ya manjano na nyeupe ukutani ni mkojo wa pimbi, vizazi kwa vizazi mahali pamoja. Mfupa wenye mifereji mipana iliyolala sambamba umegugunwa na nungunungu, ambaye huizoa mifupa na kuirundika shimoni mwake. Mfupa wenye mikwaruzo myembamba, mikali, karibu na kiungo, huo huenda umekatwa kwa kisu cha jiwe. Na kabla ya kusogeza hata mguu mmoja, uliza: kati ya hao wote, nani alilala humu jana?

Kazi bora ya namna hii katika nchi yetu imefanyika Kilifi, safari ya kushuka na Tana kutoka Garissa kupitia Hola na Garsen. Panga ya Saidi ni pango la chokaa lililo kilomita 15 hivi kutoka baharini. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kulichimba mwaka 2010. Mwaka 2013 walikutana na vipande vya mfupa, laini mno hata kuvishika ni kuviharibu. Hawakuving'ang'ania. Walipanua uchimbaji, na mwaka 2017, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo, wakaliona shimo la kale lililojazwa udongo usiofanana na ule unaolizunguka. Walilivika plasta bonge zima na kulipeleka Nairobi, kisha kwenye maabara ya Burgos, Uhispania, ambako María Martinón-Torres na wenzake walilifungua kidogo kidogo.

Ndani alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Taarifa ilipochapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, hilo ndilo lililokuwa kaburi la kale kuliko yote ya binadamu yanayojulikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwa namna ambayo hutokea kitu kilichokitegemeza kinapooza na kuacha pengo, kwa hiyo yaelekea aliwekewa mto. Mabega yalikuwa yamebanwa kana kwamba alifungwa ndani ya kitu kilichooza pia. Hakuna aliyeuona mto wala sanda. Vimesomwa katika mkao wa mifupa na udongo, vile vile mchungaji ajuavyo kwamba ngamia alikuwa akichechemea ingawa hakumwona akipita. Mengi yananigusa katika habari hii, lakini zaidi ya yote naipenda ile miaka, 2013 hadi 2017, ya watu kukaa karibu na kitu wasichokijua bila kukivuta.

Ng'ambo ya mpaka wetu, kusini mwa Somalia, mlima wa itale uitwao Buur Heybe umesimama peke yake katikati ya tambarare inayofanana na yetu. Mwanaakiolojia Steven Brandt alichimba huko miaka ya 1980. Kwenye kivuli cha mwamba kiitwacho Gogoshiis Qabe alikuta makaburi ya watu wasiopungua 14, wawindaji wa maelfu ya miaka iliyopita, na baadhi yao walizikwa pamoja na pembe za tandala mdogo. Tandala huyo bado yumo katika vichaka vya Garissa. Vita vilikatiza uchimbaji ule, nami huumia nikifikiria sakafu ngapi za aina hiyo zinangoja.

Wapo waliokwisha kuonyesha jinsi mfuata nyayo anavyoweza kubadili elimu ya mapango. Mwaka 2013 wanaakiolojia Andreas Pastoors na Tilman Lenssen-Erz wa Ujerumani waliwaalika wawindaji watatu wa Kisan kutoka Namibia hadi kwenye mapango ya Ufaransa yenye nyayo za watu wa enzi ya barafu. Katika pango la Tuc d'Audoubert kuna alama za visigino ambazo wataalamu walizihusisha na ngoma ya ibada. Wasan walizitazama, wakajadiliana kwa lugha yao, wakasema wamewaona mtu mzima na kijana wakienda na kurudi kuchukua udongo wa mfinyanzi. Pango hilo ndilo lenye sanamu mashuhuri za nyati zilizofinyangwa kwa udongo. Ngoma iligeuka kuwa kazi ya mikono, kwa sababu safari hii sakafu ilitazamwa na watu ambao maisha yao yote yametegemea kuisoma.

Ufundi huu una upande wake wa kujizuia. Kitum, kwenye Mlima Elgon, ni pango ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao, na natamani kila Mkenya alijue. Lakini mwaka 1980 na tena 1987 watu waliolitembelea walipatwa na homa ya Marburg wakafa, na popo wa mapangoni ndio wanaojulikana leo kuhifadhi virusi hivyo. Penye popo wengi, simama nje. Vumbi la sakafu kavu laweza kuwa na papasi waletao homa. Usiende peke yako, usitegemee tochi moja. Na kila penye watu, tafuta mzee wa mahali, toa salamu, ueleze shida yako na ungoje jibu. Panga ya Saidi lenyewe bado ni mahali pa kuomba na kutambika. Ukiona shanga ya ganda la yai la mbuni, iache pale ilipo na upeleke habari makumbusho. Ikishaondolewa katika tabaka lake haiwezi tena kusema imetangulia nini na kufuatwa na nini.

Chokaa ya Panga ya Saidi ni ya enzi ya Jura. Enzi hiyo bahari ilifunika Mandera pia, kwetu Kaskazini Mashariki, na chokaa yake iko wazi hadi leo, kutoka Didimtu hadi upande wa Mto Daua. Maji ya mvua yanayopita udongoni hupata ukali kidogo, na ukali huo, ukipewa muda, huila chokaa na kuacha uwazi. Wachungaji wa mbuzi wanavijua vivuli vya miamba ya huko kwa sababu wamejihifadhi humo jua lilipowaka. Siku amani itakaporuhusu uchimbaji, sitaki waajiriwe kubeba maji na mahema tu. Waitwe siku ya kwanza, kabla ya mwiko na brashi, wapewe asubuhi nzima ya kuchuchumaa mlangoni, wanachokisema kiandikwe kwenye daftari la uchimbaji kama ushahidi, na taarifa ikichapishwa majina yao yawe miongoni mwa waandishi wake.